Dakika Nne Getini

"Umefika wapi?"

"Nipo karibu."

"Karibu na wapi? Chakula kipo mezani, na Baba amevaa koti."

"Karibu sana. Geti lenu naliona."

Aliliona kweli, kwa maana alikuwa ameligusa. Fundi Miwani alisimama mbele ya geti la kijani mchana wa Jumapili, sanduku la keki mkono mmoja, simu ameibana kwa bega, na kidole kimoja kikielea mbele ya kitufe cha kengele. Shati alilolipiga pasi mara tatu lilikuwa limemganda mgongoni. Moyo ulimwenda mbio, vidole vilimfa ganzi, na pumzi ilikataa kushuka chini ya koo.

"Basi bonyeza kengele," alisema mchumba wake.

"Nabonyeza."

Simu ikakatika. Kengele haikulia.

Mchumba huyo alikuwa fundi wa lifti, mwanamke wa kuning'inia juu ya shimo la ghorofa kumi huku akipiga mluzi, na wenzake kazini walimwita Injinia. Alichungulia dirishani akawahi kuona kisogo kikipotea kwenye kona ya barabara. Alipofika getini alilikuta sanduku la keki juu ya nguzo, limenyooshwa likalingana sawasawa na ukingo wa tofali.

Shangazi yake, aliyewatunzia nyumba, alikuja nyuma yake akifuta mikono kwa aproni.

"Mgeni wetu ndiye huyu?" aliuliza, akilitazama sanduku. "Mfupi kidogo, lakini ananukia vizuri."

"Shangazi, tafadhali."

"Mara ya kwanza aliacha maua. Leo keki. Akiendelea hivi ataacha kitanda na kabati, tuwe tumemaliza kumhamisha kabla yeye mwenyewe hajaingia."

Sebuleni, baba yake Injinia alikuwa amekwisha kuvua koti na kulitundika. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye miwani ya duara ya mtindo wa zamani. Alirudi kwenye kiti chake, kiti ambacho kwa muda wa mwaka mzima kilikuwa kimeelekezwa ukutani.

"Mwambie," alisema bila kugeuka, "kwamba nilivaa koti."

* * *

Asubuhi iliyofuata Injinia aliingia dukani kwa mchumba wake akiwa na mfuko wa zana begani. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba: ubao wa herufi ukutani, kioo cha wateja, trei za fremu, na nyuma ya meza mashine ya kupimia lenzi. Fundi Miwani alikuwa ameinama juu ya mashine hiyo.

"Hiyo ni mara ya ngapi?" aliuliza Injinia.

"Ya nne."

"Nimesimama mlangoni nimehesabu tano."

"Ya kwanza haihesabiki. Nilikohoa."

Injinia alivuta kiti cha wateja akaketi.

"Haya, niambie. Jana kulitokea nini?"

"Nilipogusa geti nilijua nitaanguka. Au nitatapika juu ya viatu vya baba yako."

"Ungetapika ningedeki. Nimeshadeki mambo mabaya kuliko hayo kwenye mashimo ya lifti."

"Si mzaha, mpenzi. Moyo ulikuwa unasimama."

"Moyo uliosimama haukimbii hivyo. Nilikuona kwenye kona, hata baiskeli uliipita."

Fundi Miwani alitaka kucheka, lakini uso wa mchumba wake ulikuwa umebadilika.

"Nisikilize," alisema Injinia. "Tangu Mama afariki, na Baba astaafu mwaka uo huo, hatoki kwenye kile kiti. Hasomi. Anasema miwani yake imeharibika, lakini hataki kwenda kupimwa macho. Watu wa kumfanya avae koti ni wachache sana, na wewe umekuwa mmojawapo mara mbili. Mara zote mbili amelivua bila kumwona mtu. Jana usiku amesema atalivaa mara moja tu tena: Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao."

"Nitakuja."

"Hata jana ulisema unabonyeza." Aliizungusha pete kidoleni. "Siku hiyo usipoingia, nitakurudishia hii. Si kwa hasira. Nimechoka kupenda mtu aliyeko upande wa pili wa geti."

Fundi Miwani aliiweka lenzi chini polepole.

"Sasa nifanye nini? Nimekunywa dawa za mitishamba, nimekunywa maji ya moto, nimekunywa ya baridi."

"Kuna mshauri wa mambo ya nafsi kwenye lile jengo la ghorofa tano ninalotunza lifti yake. Watu wanapanda wamenyong'onyea. Baada ya miezi miwili mitatu wanaanza kunisalimia."

"Mimi si mwendawazimu."

"Wateja wako wakiona aibu kuvaa miwani, wakikwambia wao si vipofu, huwa unawajibu nini?"

Fundi Miwani aliichukua tena lenzi akaanza kuifuta.

"Jibu, Fundi. Nimekusikia mara ishirini."

"Nawaambia," alisema kwa sauti ya chini, "kwamba miwani si ya vipofu. Ni ya watu wanaotaka kuona."

"Basi ni ghorofa ya tano, mlango wa mwisho kushoto."

* * *

Alifika mbele ya Mshauri akihema, kwa sababu alipanda kwa ngazi. Miaka miwili kabla alikuwa amekwama kwenye lifti kwa dakika arobaini, na sauti ya mwanamke nje ya mlango ilimsimulia vichekesho mpaka alipotolewa. Tangu siku hiyo alikuwa ameipenda sauti ile na kuzichukia lifti zote.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya raba na birika la chai lisilopoa. Hakumlaza kwenye kochi wala hakumwuliza ndoto zake.

"Ukiwa getini," aliuliza, "unaamini kwamba kitatokea nini?"

"Nitazimia."

"Umewahi kuzimia mara ngapi?"

Fundi Miwani alifikiri kwa uaminifu. "Sijawahi."

"Na umewahi kukimbia mara ngapi?"

"Kila mara."

"Kwa hiyo katika kila mtihani wewe unatoka chumbani kabla ya matokeo kusomwa, kisha unajiambia kwamba ulifeli."

Alimtazama Mshauri kama mtu aliyewashiwa taa usoni.

"Mchumba wako ni fundi wa lifti, si ndivyo? Basi chukulia kwamba hofu ni lifti. Inapanda. Ghorofa ya kwanza mikono inatoka jasho, ya tatu moyo unapiga, ya tano unaona umekufa. Wewe umekuwa ukiruka nje ikiwa ghorofa ya nne. Hujawahi kukaa ndani ukaona inafanya nini ikishafika juu."

"Inafanya nini?"

"Jengo lina mwisho. Ikifika juu haina pa kwenda, hushuka. Lakini usiniamini mimi. Nenda ukaone."

Kisha akampa daftari. Kila ukurasa aliugawa sehemu tatu kwa mistari: ninachokiogopa, nilichokifanya, kilichotokea.

"Sasa tuanze na dukani. Lenzi moja unaipima mara ngapi?"

"Sita. Saba siku mbaya."

"Kwa nini?"

Fundi Miwani alisimulia habari za fundi mzee aliyemfundisha kazi, ambaye kila mwanafunzi alipokosea aliiangusha lenzi sakafuni na kuiponda kwa kisigino mbele ya wateja, taratibu, akimtazama mwanafunzi machoni. Fundi yule alikuwa amekwisha kuhama mji. Kisigino chake kilibaki.

"Mafundi wengine hupima mara ngapi?"

"Mara mbili. Moja kabla ya kuweka kwenye fremu, moja baada."

"Basi nawe mara mbili. Uache kuwapigia wateja simu kuwauliza kama wanaona."

"Nao wasipoona?"

"Wana miguu, watarudi."

* * *

Kazi haikuwa nyepesi, wala mabadiliko hayakuja kama mvua. Wiki ya kwanza alipima mara mbili, kisha akakaa nje ya duka akijizuia kurudi kwenye mashine, mikono ameikalia. Aliandika katika daftari: *Naogopa mteja atarudi akiwa amekasirika. Kilichotokea: amerudi. Alisahau mwavuli.*

Wiki ya pili ilikuwa ya lifti. Injinia hakuruhusiwa kumsindikiza, kwa kuwa Mshauri alisema kushikwa mkono ni njia nyingine ya kukimbia. Basi alibaki dukani kwa mchumba wake akisoma ujumbe.

"Nipo ndani."

"Peke yako?"

"Na mama mmoja mwenye ndoo."

"Unajisikiaje?"

"Vibaya sana."

"Vizuri. Endelea."

"Nimepanda na kushuka mara tano. Mama mwenye ndoo anasema kama nimepotea anaweza kunionyesha mlango."

"Na hofu?"

Jibu lilichelewa kwa dakika nzima.

"Imeshuka, mpenzi. Nilikuwa nimesimama tu. Imeshuka yenyewe."

Wiki ya tatu mambo yalirudi nyuma. Aliamka kifua kimembana bila sababu, akapima lenzi moja mara nane, akafunga duka saa nne asubuhi. Injinia alimkuta ameketi jikoni kwake amekumbatia daftari.

"Haifanyi kazi," alisema.

"Kurasa ngapi umejaza?"

"Kumi na tisa."

"Na leo moja imekuwa mbaya."

"Mbaya kabisa."

"Lifti yangu moja kwenye jengo la benki husimama kila mwezi. Je, niamue kwamba watu wote wapande kwa ngazi mpaka mwisho wa dunia?"

"Wewe huwa unaitengeneza."

"Nenda ukatengenezwe basi. Na uoge kwanza."

Alioga, akaenda. Mshauri hakushtuka hata kidogo. Alimmiminia chai akamwambia kwamba siku mbaya si uthibitisho wa jambo lolote isipokuwa kwamba ni siku. Waliifungua siku ile kipande kwa kipande, wakaona kilichoianzisha: alfajiri, akiwa bado usingizini, alikuwa amepita mtu dirishani mwenye vishindo vya viatu kama vya yule fundi mzee.

"Kumbe ni viatu," alisema Fundi Miwani.

"Ni viatu," alisema Mshauri. "Ukivisikia tena utavijua."

Ikawa, wiki baada ya wiki, watu wa mtaani wakaanza kupata miwani yao kwa siku mbili badala ya kumi na nne. Mteja mmoja alikataa kuchukua, akidhani ni ya mtu mwingine.

* * *

Jumatano kabla ya Jumapili ile ya mwisho, Shangazi aliingia dukani na karatasi ya daktari wa macho pamoja na fremu ya duara.

"Nimempeleka kaka yangu kupimwa macho, nimemdanganya tunakwenda sokoni," alisema. "Daktari amesema jicho moja limezidi lingine kwa ubovu. Hii hapa fremu yake, ameukataa mtindo mwingine wowote. Kwa hiyo mkwe mtarajiwa, kazi ni kwako. Usije ukaniachia miwani juu ya nguzo ya geti."

Alipoondoka, Fundi Miwani aliketi akaitazama fremu ile kwa muda mrefu. Alikata lenzi mbili, akapima kila moja mara moja. Zilikuwa sahihi. Aliziweka kwenye trei, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Simu ikalia, ulikuwa ujumbe wa Injinia.

"Shangazi amefika? Usije ukapima mara sita kwa sababu ni Baba."

"Hata kidogo," aliandika. Akatabasamu. Mshauri alisema mara mbili, ya pili baada ya kuweka kwenye fremu; yeye alijisikia mwenye nguvu kiasi cha kumpita Mshauri mwenyewe. Aliigeuza fremu ikamtazama, akaweka lenzi, akakaza skrubu, akafunga kiboksi bila kupima tena. Katika daftari aliandika kwa fahari: *Mara moja tu.*

* * *

Jumapili ilifika. Injinia alisimama dirishani, pete kidoleni, simu mkononi. Baba yake alikuwa amevaa koti.

"Nipo getini," ulisema ujumbe wa kwanza.

"Nakuona. Nije?"

"Usije. Ghorofa ya tatu, inapanda."

Aliuma mdomo akasubiri.

"Ya nne. Hapa ndipo huwa naruka."

Aliona kwa mbali, kwenye uwazi wa chini ya geti, mguu mmoja wa mchumba wake ukigeuka kuelekea barabarani, ukakaa hivyo, nusu umekwenda. Kisha ukarudi.

"Ya tano. Naona nimekufa."

"Watu waliokufa hawaandiki," alijibu. Dakika ya nne ilikuwa ikiisha.

"Haina pa kwenda. Inashuka."

Kengele ikalia.

Shangazi alitoa kichwa jikoni. "Nani huyo anayebonyeza? Wageni wetu hawana tabia hiyo."

Injinia alikuwa amekwisha kufungua mlango. Hakumkumbatia mchumba wake, kwa heshima ya baba yake. Alipokea tu sanduku la keki na kuminya kidole chake kimoja kwa siri.

"Shikamoo, Baba," alisema Fundi Miwani.

"Marahaba. Karibu." Mwalimu Mkuu alimtazama kutoka juu hadi chini. "Una jasho."

"Ndiyo, Baba. Ninaogopa."

"Unamwogopa nani?"

"Wewe, Baba. Na geti. Geti nimelimaliza."

Shangazi aligeukia ukuta akacheka ndani ya aproni. Mwalimu Mkuu hakucheka. Walikula. Kuku alipokwisha, mzee alitoa mfukoni karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne.

"Nimeandaa maswali kumi," alisema. "Mtu anayetaka kumchukua binti yangu atayajibu yote."

Alivaa miwani mipya, ambayo Shangazi aliichukua dukani Ijumaa. Aliisogeza karatasi karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Kisha akaikunja karatasi na kuvua miwani, na mabega yake, yaliyokuwa yamenyooka tangu asubuhi, yakalegea.

"Msijali," alisema. "Niliivaa jana, nikaona ukungu. Nikajua ni mimi. Kuna wakati mtu hufika hata miwani mipya haimsaidii. Kijana, karibu tu. Mchukue. Maswali hayana haja."

"Baba," alisema Injinia.

"Nimechoka, mama. Nirudisheni kwenye kiti changu."

Hiyo ndiyo ruhusa ambayo Fundi Miwani aliililia kwa miaka miwili, na ilikuwa imetolewa bila swali hata moja. Mkono wake uliifuata miwani mezani. Aliinyanyua mbele ya kalenda ya ukutani, akatazama kupitia jicho moja, kisha la pili. Tarehe zilikuwa kubwa mahali zilipopaswa kuwa ndogo.

Alijua papo hapo. Fremu nyingi haziruhusu kosa hilo, kwa kuwa lenzi ya kulia haiingii kushoto. Ya duara huruhusu. Alikuwa ameigeuza imtazame, akaweka lenzi ya kulia upande wa kulia kwake yeye, ambao kwa mvaaji ni kushoto. Kipimo cha pili, kile alichokiruka kwa majivuno, kingeonyesha kosa hilo kwa sekunde kumi.

Moyo ukapanda. Alivisikia viatu vya yule fundi mzee vikija sakafuni. Angeweza kusema anaondoka na miwani kukaza skrubu tu. Kesho ingerudi ikiwa sawa, na hakuna ambaye angejua. Posa ilikuwa imekubaliwa. Pete ilikuwa salama. Mzee peke yake ndiye angebaki akiamini kwamba ukungu ni wake.

"Baba," alisema. Sauti ilitoka nyembamba; akaianza upya. "Si wewe. Ni mimi. Nimekosea. Lenzi ya kulia nimeiweka kushoto, na ya kushoto kulia."

Kijiko cha Shangazi kilibaki hewani.

"Rudia," alisema Mwalimu Mkuu.

"Nimekosea, Baba."

"Ni kosa la aina gani?"

"La mwanafunzi wa mwaka wa kwanza."

"Nawe una miaka mingapi kazini?"

"Kumi na miwili."

"Basi nieleze."

Injinia alifumba macho. Mchumba wake angeweza kusema uchovu, au umeme. Hakusema hayo.

"Nina maradhi ya hofu, Baba. Ndiyo maana mara mbili niliishia getini. Nakwenda kwa mshauri kila wiki, ananipa kazi ya kufanya nyumbani. Nilikuwa napima lenzi mara sita. Akaniambia nipime mara mbili kama wenzangu. Yako nimepima mara moja."

"Kwa nini mara moja?"

"Nilitaka kupata alama mia, Baba. Na kumi za ziada."

Mwalimu Mkuu alimkodolea macho. Kitu kilianza kutikisika chini ya koti, kikapanda mpaka kifuani, kikatoka mdomoni kama mlio wa mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Alikuwa anacheka.

"Namjua huyu," alimwambia dada yake, akijifuta machozi. "Miaka thelathini na sita nimemfundisha huyu. Unamwambia aandike ukurasa mmoja, anakuletea saba. Lakini hakuja hata mmoja kuniambia amekosea kabla sijamkamata."

"Baba amecheka," alisema Injinia, kama mtu anayetoa taarifa kwa kituo cha kazi.

"Tumemsikia," alisema Shangazi. Kijiko kilikuwa kimeanguka. "Majirani pia."

Fundi Miwani alitoa bisibisi ndogo mfukoni. Mikono ilitetemeka, na aliiacha itetemeke. Alifungua skrubu, akabadilisha lenzi, akaitazama kalenda mara moja, akafunga, akatazama mara ya pili. Kisha akaweka bisibisi chini.

"Mara mbili," alisema Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akihesabu.

"Mara mbili, Baba."

Mzee alivaa miwani. Aliitazama karatasi yake, akageuka akatazama kiti chake, na ukuta ambao kiti kilielekea.

"Ukuta huu unahitaji rangi," alisema.

"Nimekwambia tangu mwaka jana," alisema Shangazi.

"Sikuuona." Alivua miwani, akaivaa tena. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Nilisingizia miwani. Lakini mwaka mzima mtu hatazami ukuta kwa sababu ya miwani. Huyo mshauri wako, kijana. Anapokea na wazee?"

"Anapokea, Baba."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano."

"Lifti ni nzima?"

"Natunza mimi," alisema binti yake, na safari hii yeye ndiye aliyefuta machozi.

Mwalimu Mkuu aliikunjua karatasi, akaisoma yote kutoka juu mpaka chini kwa raha ya mtu aliyerudishiwa mali yake.

"Maswali tisa umekwisha kuyajibu," alisema. "La kumi ni hili: keki hii ni ya nani na kwa nini haikatwi?"

* * *

Ndoa ilipangwa baada ya miezi saba, kwa sababu Mwalimu Mkuu alidai muda. Alikuwa na kazi zake za nyumbani. Mshauri alimwagiza atoke nje kila asubuhi, apende asipende, bila kungoja moyo umtume; alinung'unika kwamba mwalimu kupewa kazi ya nyumbani ni dunia kupinduka, kisha akaenda. Mwezi wa kwanza alikwenda mpaka kona akarudi na uso ule ule. Mwezi wa pili alipita kona. Mwezi wa nne alikuwa akisoma magazeti kwa sauti katika nyumba ya wazee, akiwasahihisha waandishi. Siku zilikuwepo ambazo kiti kilimvuta tena. Lakini kiti kilikuwa kimegeuzwa kikaelekea dirishani, na ukuta, uliopakwa rangi na mkwe mtarajiwa, ulikuwa na sehemu moja isiyolingana ambayo mpakaji aliiacha kwa makusudi na kuionyesha kwa wageni.

Asubuhi ya harusi Fundi Miwani aliteremka kwenye gari nje ya geti la kijani, suti imemkaa, kumchukua bibi harusi kama walivyopatana. Geti lilikuwa limefungwa. Alisubiri. Simu ikatetemeka.

"Nipo nyuma ya geti," ulisema ujumbe wa Injinia.

"Mbona hufungui?"

"Mkono umekataa. Moyo unataka kunitoka. Naning'inia ghorofa ya kumi bila kuwaza, sasa siwezi kufungua kitasa. Kuna nini hapa?"

Aliweka simu mfukoni akasogea karibu mpaka paji la uso likagusa bati.

"Uko ghorofa ya ngapi?" aliuliza kwa sauti.

"Ya nne." Sauti yake, ile iliyowahi kumfikia kupitia mlango wa lifti, ilikuwa ndogo.

"Usiruke. Niko hapa."

"Niambie kichekesho."

"Kulikuwa na fundi aliyeweka lenzi ya kulia kushoto."

"Hicho nakijua."

"Basi sina kingine. Tusimame tu."

Wakasimama, mmoja huku na mwingine kule. Nyuma ya bibi harusi mlango wa nyumba ulifunguka, na Mwalimu Mkuu akatokea amevaa koti. Shangazi alitaka kumsogelea bibi harusi, lakini mzee alimzuia kwa mkono, akatoa saa yake na kuitazama kupitia miwani ya duara.

"Mwache," alisema. "Mwenzake alitumia dakika nne. Bado ana mbili."

Hazikuisha. Kitasa kiligeuka.